Kondoo wa Rassau na Sahihi ya Mdhamini

(Maneno niliyoyasema mbele ya wapenzi wa mbio za magari, Naivasha. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.)

Ndugu zangu, hamjambo?

Nashukuru kwa kunialika Naivasha, ingawa najua wengi wenu mlitarajia dereva na mmeletewa mwanasheria. Sijawahi kushindana barabarani. Siku niliyokimbia kupita zote nilikuwa nimechelewa mahakamani Nakuru, na polisi walinisimamisha kabla sijafika Gilgil. Kazi yangu ni kusoma mikataba ya miradi mikubwa, hasa zile kurasa za nyuma ambazo hakuna anayezipiga picha siku ya uzinduzi.

Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na zaidi tangu Desemba 2024 Rais Paul Kagame aliposimama Kigali akatangaza kwamba Rwanda inaomba rasmi kuandaa Formula One, kila nikikaa na watu wa magari nasikia swali lile lile: na sisi lini? Wanataka uwanja wa kudumu, wenye lami, majukwaa, gereji na hoteli. Mwenyekiti wenu aliponipigia simu aliniomba nizungumzie hilo. Nikamwambia sitazungumzia uwanja wa Kenya ambao haupo. Nitazungumzia uwanja wa Wales ambao nao haupo, ila huo umeshakula pesa.

Kusini mwa Wales, nchi ndogo iliyo ndani ya Uingereza lakini yenye serikali yake, kuna mabonde marefu membamba, kila bonde na mji wake, na karibu kila mji ulizaliwa na makaa ya mawe au chuma. Ebbw Vale ni mmoja wao. Kiwanda chake cha chuma kilifungwa kabisa mwaka 2002. Aneurin Bevan, yule waziri aliyeanzisha huduma ya afya ya umma ya Uingereza mwaka 1948, alikuwa mbunge wa hapo kuanzia 1929 hadi alipofariki mwaka 1960. Nje ya mji yamesimamishwa mawe manne makubwa ya kumkumbuka: kubwa kupita yote ni lake, na matatu ni ya Ebbw Vale, Rhymney na Tredegar.

Nilifika huko kwa treni kutoka Cardiff, nikiwa nimetoka kwenye shughuli nyingine, kwa udadisi tu. Nikachukua teksi, nikamwambia dereva anipeleke Rassau, eneo la viwanda lililo juu ya mji. Aliniangalia kwenye kioo akaniuliza kama nimekuja kununua kondoo. Baadaye nilielewa. Ukifika mwisho wa barabara ya viwanda, lami inakatika, uzio unaanza, na ng'ambo ya uzio ni mlima mtupu. Hauna mti. Nyasi zake ni ngumu, za rangi ya gunia lililonyeshewa, na chini ya nyasi udongo ni mweusi, umelowa, ukikanyaga unazama hadi kifundo cha mguu. Upepo ulinivua kofia. Na kondoo, wengi, wakiwa na alama za rangi mgongoni ili kila mchungaji ajue wake. Mahali hapo ni zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari. Naivasha ni juu zaidi, najua, lakini huku kwetu jua linatuhurumia.

Juu ya mlima huo ndipo palipopangwa Circuit of Wales.

Wazo lilitangazwa mwaka 2011. Ekari 830. Njia ya mbio ya zaidi ya kilomita tano ya kiwango cha kuandaa mashindano ya dunia ya pikipiki, MotoGP. Pembeni viwanja vya motokrosi na magari madogo, hoteli, na eneo la viwanda vya teknolojia ya magari. Kampuni iliyobuni mradi iliitwa Heads of the Valleys Development Company. Walisema zitapatikana kazi hadi 6,000 na wageni 750,000 kwa mwaka. Sasa nawaomba mfikirie mji ambao kiwanda chake kimefungwa, vijana wanahamia Cardiff na Bristol, na mtu anakuja na mchoro wenye namba hizo. Mimi ningekuwa mzaliwa wa pale ningeubandika mchoro huo ukutani. Kwa hiyo nikianza kuzungumza juu ya makosa, msidhani nawacheka watu wa Ebbw Vale. Waliamini kwa sababu walikuwa na haki ya kutaka kuamini.

Julai 2013 halmashauri ya Blaenau Gwent ilitoa kibali cha awali cha ujenzi. Agosti 2014 wenye MotoGP, kampuni ya Dorna ya Uhispania, walisaini mkataba wa miaka mitano wa mbio za Uingereza kuanzia 2015, na nafasi ya kuongeza mitano mingine. Tazameni tarehe hizo. Mkataba wa kuandaa mbio za 2015 unasainiwa mwaka 2014, na mlimani hakuna hata toroli moja la kokoto. Wakaamua mbio za kwanza zikimbizwe kwingine, Donington Park, hadi uwanja wao uwe tayari. Februari 2015 mpango wa Donington ukavunjika, wakahamia Silverstone. Kwa hiyo kampuni ya Wales ikawa mwenye haki ya mbio ambazo zilikimbizwa England, kwenye uwanja wa mshindani wake. Ni kama mtu aliyekodi ukumbi wa harusi, akatuma kadi, na bibi harusi bado anamtafuta.

Kibali cha ujenzi si ardhi. Hili naomba mlisikie kwa makini, maana hapa kwetu ndipo tunapoangukia kila siku. Mlima ule haukuwa pori lisilo na mwenyewe. Ulikuwa ardhi ya machunga ya pamoja, inayoitwa Trefil Las na Twyn Bryn-March. Kisheria ardhi hiyo ina mmiliki mwenye hati, lakini wachungaji wa vijiji vinavyoizunguka wana haki ya kulisha mifugo yao humo, haki iliyosajiliwa, ya kurithishana, na wananchi wote wana haki ya kutembea juu yake. Sheria yao ya ardhi za pamoja ya mwaka 2006 inasema: ukitaka kuitoa ardhi ya namna hiyo kwenye daftari ili ujenge, uombe, na utoe ardhi nyingine badala yake. Kisha anateuliwa mkaguzi, anakaa hadharani, anasikiliza wanaopinga.

Na wanaopinga walikuwapo. Walikuwapo wachungaji, walikuwapo wanaotetea haki ya watu kutembea mashambani, na walikuwapo Gwent Wildlife Trust, waliosema kwamba ule udongo mweusi ulionizamisha mguu ni mboji ya maelfu ya miaka na makazi ya ndege na wadudu wasiopatikana kila mahali. Mpaka wa hifadhi ya taifa ya Brecon Beacons uko jirani kabisa. Kikao kilifanyika mwaka 2015, miaka miwili baada ya kibali cha ujenzi. Mwishowe wenye mradi walishinda, ardhi ikaruhusiwa kubadilishwa. Lakini kushinda kesi baada ya miaka miwili ni ushindi wa aina yake. Mkandarasi hapunguzi bei kwa sababu ulikuwa mahakamani. Gharama ya mradi, iliyoanza kutajwa ikiwa chini ya pauni milioni 300, iliendelea kupanda hadi mwishoni ikapita 400.

Katikati ya hayo siasa nayo ikajipenyeza. Mwakilishi wa Blaenau Gwent katika bunge la Wales, Alun Davies, alikuwa pia waziri wa maliasili. Aliliandikia shirika la mazingira la serikali, shirika lililo chini ya wizara yake, kuhusu mradi ulio katika jimbo lake. Julai 2014 ikaamuliwa kwamba amevunja maadili ya mawaziri. Aliomba radhi akabaki. Wiki moja baadaye akafutwa kazi kwa jambo jingine kabisa, la kutaka kupewa habari za ruzuku za kilimo walizolipwa wabunge wa upinzani. Nimeona baadhi yenu mnacheka. Mlidhani ni sisi tu?

Wenye viwanja vya zamani nao hawakukaa kimya. Silverstone, Donington na Rockingham walilalamika kwamba serikali ya Wales inataka kutumia pesa za umma kumfungulia mshindani duka mlangoni mwao. Wakati huo Uingereza ilikuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, na Umoja una kanuni kali za ruzuku za serikali: ukimpa mfanyabiashara mmoja msaada ambao soko lisingempa, mwenzake anaweza kukushtaki. Kwa hiyo hata dhamana ya serikali ilibidi ilipiwe ada ya bei ya soko. Iwekeni kumbukumbu hiyo, dhamana ina bei, maana sasa nafika kwenye pesa.

Nani hapa hajawahi kumdhamini mtu kwenye sacco? Inueni mikono. Haya, wawili, na huyo mmoja naona ni mtoto. Basi wengine mnajua. Mwenzako anakuja na fomu, anakuambia ni sahihi tu. Hakuombi shilingi. Unasaini, mnakunywa chai. Miezi sita baadaye binti yako anapata nafasi chuoni, unakwenda sacco kuomba mkopo wako mwenyewe, karani anatazama kompyuta anakuambia: akiba yako imefungwa, umemdhamini fulani. Mwenzako hajakosa hata awamu moja, analipa vizuri kabisa. Na akiba yako imefungwa vilevile.

Circuit of Wales ilikufa kwa sababu ya karani huyo.

Wenye mradi walisema daima kwamba fedha zitatoka kwa wawekezaji binafsi, na ni kweli walikuwapo, ikiwamo kampuni kubwa ya bima ya Aviva. Lakini mwekezaji wa bima ni mtu mwoga, na ni haki yake, anachezea pensheni za watu. Alikuwa tayari kutoa pesa iwapo serikali ya Wales itasaini pembeni. Aprili 2016 waliomba serikali idhamini mradi mzima, zaidi ya pauni milioni 350. Waziri wa uchumi Edwina Hart akakataa. Julai mwaka huo huo wakarudi na ombi la kudhaminiwa karibu robo tatu au zaidi. Waziri mpya, Ken Skates, naye akakataa, akasema angalau nusu ya hatari ibebwe na sekta binafsi. Mnaona maana yake? Mtu anayesema mradi wake una faida kubwa anaambiwa: basi beba nusu. Na miezi inapita.

Mwanzoni mwa 2017 wakaleta mpango wa tatu, wa dhamana ya pauni milioni 210, chini kidogo ya nusu. Sasa walikuwa wametimiza sharti. Wengi Ebbw Vale waliamini safari hii imekubalika. Ila serikali ilileta wachunguzi wa fedha, wakafungua mikataba ukurasa kwa ukurasa, wakarudi na jambo ambalo dereva wa pikipiki hawezi kulijua na waziri hapendi kulisikia. Kwa jinsi mikataba ilivyopangwa, anayebeba hatari za mwisho ni serikali, hata kama kwenye karatasi dhamana ni chini ya nusu. Kwa hiyo watakwimu wa taifa wangeweza kuuhesabu mradi wote kuwa ni wa serikali. Deni la pauni milioni 373 lingeandikwa kwenye vitabu vya Wales, na bajeti yake ya ujenzi ingepungua kana kwamba pesa hizo zimeshatumika. Hospitali, shule, barabara, nyumba, vyote vingengoja. Uwanja ungeweza kufanikiwa, kila tiketi ikauzwa, na akiba ingekuwa imefungwa vilevile.

Na zile kazi 6,000? Wachunguzi walisema uwanja wenyewe ungetoa kazi za moja kwa moja mia moja na kitu, na nyingine kama 500 wakati wa ujenzi. Zilizobaki zilitegemea viwanda ambavyo vingekuja vyenyewe kwa sababu uwanja upo.

Tarehe 27 Juni 2017 baraza la mawaziri likasema hapana.

Kabla ya hapo, Aprili mwaka huo, Mkaguzi Mkuu wa Wales alikuwa ametoa ripoti yake. Serikali ilikuwa imeshatumia pauni milioni 9.3 kwa mradi ambao haujachimbwa shimo. Milioni 2 zilikuwa ruzuku ya maandalizi. Milioni 7.3 hivi zilikuwa mkopo wa benki ambao serikali iliudhamini, na mwaka 2016 mdhamini akaitwa alipe. Ndani ya ile ruzuku, zaidi ya pauni 300,000 zilitumika kununua kampuni ya kutengeneza pikipiki za mbio, FTR Moto, iliyokuwa Buckinghamshire, England. Fikirieni mzee wa Ebbw Vale anayesoma hayo gazetini. Pesa ya kuleta kazi bondeni kwake imenunua karakana ya kaunti nyingine, nchi nyingine. Mkaguzi alisema usimamizi wa serikali ulikuwa na dosari kubwa, na mimi sina la kuongeza.

Kuna mwenzangu wa fani hii ambaye tunabishana sana juu ya kisa hiki. Yeye anasema serikali ya Wales ilikuwa na roho ndogo: pauni milioni 210 si kitu kwa eneo lililoipa nchi makaa na chuma kwa miaka mia na zaidi. Mimi nasema serikali ilikuwa sahihi kukataa, na ilikosea kukataa mwaka wa sita. Swali la nani atabeba hatari lilikuwapo siku ya kwanza. Halikuhitaji mchoro, halikuhitaji mkataba wa MotoGP wala mkaguzi wa machunga. Lingeulizwa mwaka 2011, watu wa Ebbw Vale wangeumia siku moja. Waliumia miaka sita, na bado walilipa.

Na haikuwa kwamba hakuna mfano wa kuangalia. Naomba niwape miwili ya karibu na pale, nitakwenda haraka.

Corby, katikati ya England, ni mji mwingine wa chuma. Tanuri zake zilizimwa mwaka 1980. Mwaka 2001 ukafunguliwa huko uwanja wa Rockingham, njia ya mviringo yenye kingo zilizoinuka kama za Wamarekani, ya kwanza kujengwa Uingereza tangu ile ya Brooklands ya zamani. Septemba mwaka huo yakaja magari ya Marekani ya Champ Car kwa mara ya kwanza. Maji yakaanza kutoka chini ya lami. Siyo mvua, ni maji ya ardhini, yanachuruzika juu kupitia nyufa. Mafundi wakahangaika siku mbili wakikausha, mazoezi yakafutwa, na mbio zenyewe zikafupishwa. Waliokaa kuziangalia wanasema zilikuwa nzuri mno; Gil de Ferran alimpita Kenny Bräck kwenye mzunguko wa mwisho. Magari yale yalirudi mwaka 2002, basi. Mwisho wa 2018 mbio zote zikakoma, uwanja ukauzwa, ukawa mahali pa kuegesha na kuhudumia magari ya biashara. Nilipoikumbuka ile mboji ya Rassau iliyonimeza kiatu, nilijiuliza lami ingekaaje juu yake.

Mfano wa pili ni Donington. Julai 2008 ilitangazwa kwamba uwanja huo umepata mbio za Formula One za Uingereza kwa miaka 17 kuanzia 2010. Silverstone imenyang'anywa. Wakaanza kuchimba, wakapasua njia yao wenyewe ya mbio wakitengeneza handaki. Mwaka 2009 familia yenye ardhi ikawapeleka wapangaji wake mahakamani kwa kodi ya pango isiyolipwa, pauni milioni 2 na zaidi, wakasuluhishana. Kilichokuwa kimebaki ni kuuza hatifungani za kama pauni milioni 135, katika mwaka ambao benki za dunia nzima zilikuwa zinaokolewa na serikali zao. Nani angenunua? Oktoba 2009 mpango ukaanguka, Novemba kampuni ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Mwenye uwanja, Tom Wheatcroft, mzee aliyeufufua mwaka 1977 kwa pesa zake, alifariki siku ya mwisho ya Oktoba hiyo hiyo, shimo likiwa bado wazi. Familia yake ililifukia, na mbio zikarudi 2010. Na Formula One? Ilirudi Silverstone, kwa mkataba wa miaka 17.

Mtasema basi Silverstone ndiyo iliyofanikiwa. Tarehe 11 Julai 2017, wiki mbili kamili baada ya Wales kusema hapana, wenye Silverstone walitangaza kwamba wanatumia kifungu cha kujitoa kwenye mkataba huo. Ada waliyolipa kuandaa mbio ilianza pauni milioni 11.5 mwaka 2010, ikipanda asilimia tano kila mwaka, ikafika 16.2 mwaka 2017. Mwaka 2015 walipata hasara ya pauni milioni 2.8, mwaka 2016 milioni 4.8. Na huo ni uwanja uliojaa! Watu zaidi ya laki moja Jumapili ya mbio, na mwenye nyumba anapata hasara. Walikuja kusaini mkataba mpya mwaka 2019, kwa masharti mengine. Kile kifungu cha kujitoa ndicho kilichowaokoa. Ukiniuliza sentensi gani ina thamani kubwa kupita zote katika historia ya mbio za Uingereza, nitakuonyesha hiyo, na hakuna gari hata moja ndani yake.

Ngoja nirudi nyumbani kidogo kabla mwenyekiti hajatazama saa tena.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa sababu ya akili moja rahisi: barabara zipo. Inapita kwenye vumbi lililopo, ndani ya mashamba na hifadhi za watu, kwa ruhusa, kisha inaondoka na ng'ombe wanarudi. Fesh-fesh, lile vumbi laini kama unga, haidai riba. Uwanja wa kudumu unadai riba hata Jumanne ya mvua ambapo hakuna mtu. Siwakatazi kuutaka. Ila kaunti ikitaka kukopa kuujenga, Ibara ya 212 ya Katiba inasema lazima serikali ya taifa idhamini mkopo huo, na bunge la kaunti liidhinishe. Kwa hiyo fomu ile ya sacco itafika Hazina, Nairobi, na karani wa Hazina ana kompyuta pia. Na kama ardhi mnayoiwazia ni ardhi ya jamii, sheria ya mwaka 2016 inataka theluthi mbili ya wanajamii watu wazima wakubali mkataba na mwekezaji, kwenye mkutano wao. Theluthi mbili ya watu, siyo chifu na wazee wanne waliokula nyama ya mbuzi hotelini.

Wanyarwanda nao wana mpango wao, karibu na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, na mchoro wa dereva wa zamani Alexander Wurz. Nawatakia heri kwa moyo wote; nitakwenda na watoto. Ila mtu wa Kigali akinialika kama mlivyonialika nyinyi, sitaomba kuonyeshwa kona za njia. Nitaomba ule ukurasa unaosema nani analipa mbio zikiahirishwa. Agosti 2018 MotoGP ya Silverstone ilifutwa siku yenyewe ya mbio, maji yamejaa kwenye lami mpya, watazamaji wamekaa na miavuli tangu asubuhi. Mahali fulani kulikuwa na mkataba unaosema hasara hiyo ni ya nani, na wakili fulani aliyeuandika alikuwa amekaa nyumbani anakunywa chai yake bila wasiwasi.

Mliniuliza kabla hatujaanza kulitokea nini Ebbw Vale baadaye. Siku ile ile ya kukataa, serikali iliahidi pauni milioni 100 kwa miaka kumi, za kujenga eneo la viwanda vya teknolojia ya magari na kazi 1,500. Kampuni ya magari ya TVR ilikuwa imetangaza mwaka 2016 kwamba italeta kiwanda chake huko, na serikali ikanunua hisa zake na kuikopesha. Miaka ikapita bila gari kutoka. Dereva wangu wa teksi alinionyesha jengo kwa kidole tukishuka, hakupunguza mwendo. Pale juu uzio ulikuwa na tundu, na kondoo mmoja mwenye alama ya buluu alikuwa ametokea upande wa viwanda, anakula majani yaliyoota kwenye ufa wa saruji. Dereva akapiga honi mara mbili. Kondoo hakusogea, tukamzunguka.

Mzee pale nyuma, mwenye kofia ya Subaru, mkono wako uko juu tangu nilipotaja machunga. Samahani nimekuchelewesha. Mpeni kipaza sauti. Karibu, mzee.